Steringi Hafi

Ndugu msomaji, kama umekulia mjini, sheria hii uliijua kabla hujajua kugawanya: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni mikono imefungwa, ataning'inia kwenye helikopta kwa vidole viwili, lakini hafi. Ukiingia kibanda umiza pale Chang'ombe, Dodoma, ukakuta filamu imeshafika katikati, huulizi inahusu nini. Unamgusa jirani yako kwenye benchi, unamwuliza, "Steringi yupi?" Ukishaonyeshwa, roho inatulia. Umemjua wa kumwonea huruma, na umejua kwamba mwisho mtarudi naye nyumbani salama.

Wa pili wa kumjua ni adui. Huyo huonyeshwi na mtu, anajionyesha mwenyewe. Ana suti isiyokunjika, anavuta sigara nene, anacheka peke yake na hana mtoto. Kama filamu ni ya ngumi tupu, adui ni jambazi tu. Lakini kama ni filamu ya siasa, zile za mapinduzi, majasusi na marais wanaotekwa, adui ni mkubwa zaidi. Ni jenerali, au tajiri mwenye benki, au waziri anayetabasamu mezani huku akiiuza nchi yake. Hizo ndizo filamu tulizozipenda kuliko zote. Kibanda kikitangaza moja, hata wauza maji wa stendi wanafunga biashara mapema.

Mimi ni kijana wa kidato cha nne ninayejaribu kuandika riwaya. Riwaya yenyewe ni ya kijasusi, na mpaka mwaka jana steringi wangu alikuwa hafi. Nimeandika kurasa mia na arobaini za daftari, halafu nikasimama. Makala hii ni maelezo ya kilichonisimamisha. Nilitaka kujua filamu hizi zinatuvutia kwa lipi, nikajikuta nachimba historia ya mahali ninapoishi.

Chumba cha nyuma

Tuanze na mvuto wenyewe. Watu wazima husema vijana tunapenda milio ya bunduki. Si kweli, au si kweli yote. Milio ipo hata kwenye filamu mbaya, na filamu mbaya tunazizomea. Kinachotukalisha kwenye benchi gumu kwa saa mbili ni kile chumba cha nyuma.

Fikiria mtoto wa Dodoma. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya serikali yahamie hapa. Chama kiliweka makao yake hapa, Bunge likawa linakaa hapa, na kuanzia mwaka 2016 serikali yenyewe ilianza kuhamia kweli kweli, hata mwaka 2018 sheria ikautangaza mji kuwa makao makuu ya nchi. Kwa hiyo sisi tumekua tukisimama kando ya barabara kungoja misafara ipite. Tunayajua magari, tunavijua vioo vyeusi, na vumbi lake tumelila. Lakini ndani ya vioo hatujui kuna nini. Bwana mkubwa ameshuka, mlango umefungwa, basi, na wewe endelea kuuza ubuyu wako.

Filamu ya siasa inaufungua mlango ule. Inakuchukua wewe usiye na kitambulisho cha ofisi yoyote, inakukalisha mezani na wakubwa, unasikia wanavyopanga. Na ukitoka pale umeridhika, maana umeonyeshwa sababu. Umeonyeshwa kwa nini bei ilipanda, kwa nini rais alianguka, nani alimsaliti nani. Kumbe mambo yote yalikuwa na mwenyewe! Hiyo ni raha kubwa kwa mtu ambaye maisha yake yote anaambiwa tu matokeo.

Kaka zetu waliipata raha hii kwa shida zaidi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya sabini. Kwa hiyo kijana wa bara aliijua dunia kupitia jumba la sinema, na baadaye kupitia mkanda wa video uliochoka, kwenye chumba cha mtu, kwa kiingilio. Wakati mwingine alikuwapo mtafsiri. Wanaokumbuka bado wanamtaja Lufufu, aliyekuwa akizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, nusu akitafsiri na nusu akitunga. Mzungu alifungua mdomo, yakatoka maneno ya Kariakoo. Adui alikuwa mgeni, lakini matusi aliyotukanwa yalikuwa yetu.

Kanali aliyetoka kwenye filamu

Sasa nataka nikuonyeshe filamu moja, maana ndiyo iliyonifumbua macho. Inaitwa The Wild Geese, ya mwaka 1978. Ndani yake wamo Richard Burton, Roger Moore na Richard Harris, watu ambao kaka zetu waliwajua kama unavyowajua majirani zako. Hadithi ni hii: tajiri mmoja wa London anawakodi mamluki waende katika nchi moja ya Afrika isiyokuwapo kwenye ramani, wamtoroshe rais aliyepinduliwa na kufungwa. Rais mwenyewe anaitwa Julius Limbani. Naam, Julius. Mamluki wanafika, wanaua walinzi wengi wasiohesabika, wanamtoa. Halafu tajiri anapatana na serikali ile kuhusu shaba, anaigeuza ndege, mamluki wanaachwa porini. Limbani ni mgonjwa, inabidi abebwe mgongoni na Kaburu. Njiani wanazungumza kuhusu weusi na weupe, wanaelewana, na mwishowe wote wawili wanakufa.

Niliitazama nikaipenda. Nakiri. Nililia hata pale ndege ya kukimbilia ilipokuwa inapaa na mmoja wao anaikimbilia nyuma. Nilikuwa upande wa mamluki asilimia mia. Waafrika waliokuwa wanaanguka kama mahindi sikuwaona. Walikuwa adui wasio na majina.

Baadaye nilijifunza mawili. La kwanza, filamu ile ilipigwa Afrika Kusini, wakati wa makaburu, wakati serikali yetu na Umoja wa Nchi Huru za Afrika zinahimiza dunia iitenge nchi hiyo. La pili, mshauri wake wa mambo ya kivita alikuwa mamluki wa kweli, Mike Hoare. Huyu bwana aliongoza kikosi cha mamluki nchini Kongo mwaka 1964 na 1965, wakipigana na waasi walioitwa Simba, huko mashariki, ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma. Kwenye filamu, askari wanaowafukuza akina Burton nao wanaitwa Simba. Yaani aliyeshinda vita ndiye aliyekaa kando ya kamera kuwaeleza waigizaji vita ilikuwaje.

Lakini sikiliza kilichofuata. Tarehe 25 Novemba 1981, miaka mitatu tu baada ya filamu, Hoare mwenyewe alishuka uwanja wa ndege wa Mahé, Shelisheli, pamoja na wanaume zaidi ya arobaini. Walijifanya ni klabu ya wanywaji bia walio likizoni. Mabegi yao yalikuwa na vichezeo vya watoto juu, na chini, sehemu iliyofichwa, bunduki. Nia yao ilikuwa kuipindua serikali ya Rais France-Albert René. Wengi wao walishapita forodhani wakiwa wanatabasamu. Kisha mkaguzi wa forodha akalitilia shaka begi la mmoja wao, akalifungua, akalichunguza mpaka chini. Akaikuta bunduki.

Basi mapinduzi yakaharibikia pale pale. Mapigano yakazuka uwanjani, na mwishowe Hoare na wengi wa watu wake wakaiteka ndege ya Air India iliyokuwa imetua, wakakimbilia Durban. Mwaka 1982 mahakama ya Afrika Kusini ilimfunga kwa utekaji nyara. Aliachiwa mwaka 1985, akaishi mpaka mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka mia moja.

Sasa niambie, ndugu msomaji, steringi wa tukio hili ni nani? Kama angetengeneza filamu Hoare, tunajua. Lakini mimi namwona yule mkaguzi wa forodha, mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi, amesimama nyuma ya meza siku ya joto, foleni ni ndefu, wageni wanacheka, na bado akaona begi hili nalikagua mpaka chini. Hakuruka kutoka kwenye ghorofa. Alifanya kazi yake sawasawa, siku moja, na nchi ikapona. Sijaiona filamu yake.

Amin na mashujaa wa kuazima

Utasema Shelisheli ni mbali. Haya, tuje karibu. Hakuna Mwafrika aliyepewa uadui kwenye filamu kama Idi Amin. Mwaka 1976 makomando wa Israeli waliwakomboa mateka uwanja wa Entebbe, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, na kabla mwaka 1977 haujaisha filamu tatu zilikuwa zimeshatoka kuhusu usiku ule mmoja. Mwaka 1981 ikatoka Rise and Fall of Idi Amin, ambamo Mkenya Joseph Olita alimwigiza Amin kwa namna ambayo mtu akiitazama hasahau. Mwaka 2006 ikaja The Last King of Scotland, na Forest Whitaker akapata tuzo ya Oscar. Steringi wa filamu hiyo ni daktari kijana wa Kiskoti ambaye hakuwahi kuwapo duniani, ametungwa.

Simlaumu aliyemtunga. Mtunzi ana ruhusa. Lakini Amin hakuangushwa na daktari wa kutungwa, wala hakuangushwa na usiku wa Entebbe. Baada ya Entebbe alitawala karibu miaka mitatu zaidi. Aliangushwa na vita iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1978 alipoivamia Kagera, na iliyofika Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Walioiingia Kampala ni askari wa Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na sehemu kubwa ya njia ile waliitembea kwa miguu. Baadhi yao walitoka mitaa hii hii, Majengo, Kikuyu, Makole. Ukimwuliza kijana wa kibandani nani alimng'oa Amin, atakujibu vizuri, maana shuleni tulifundishwa. Lakini mwambie afumbe macho aone picha. Picha atakayoiona ni ya komando mweupe anashuka kwenye ndege usiku.

Hapo ndipo palipo na jambo. Somo linakaa kwenye daftari, filamu inakaa kwenye macho.

Waandishi wetu waliliona hili mapema. Elvis Musiba, aliyefariki mwaka 2010, alimleta Willy Gamba kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974. Ben Mtobwa naye akamleta Joram Kiango. Hawa walikuwa steringi wetu, wanaongea Kiswahili, na maadui wao walikuwa makaburu na vibaraka wao. Baba zetu walizisoma riwaya hizo mpaka majalada yakachakaa. Nami nilizisoma vivyo hivyo, na riwaya yangu ilizaliwa humo. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho Gamba aliazima kwa James Bond bila kukirudisha: hafi.

Kongwa

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Morogoro, ukifika Mbande unakata kulia kwenda Kongwa. Ni nchi ya ukame, mbuyu huku na mbuyu kule, upepo unaopiga vumbi mpaka kwenye sufuria ya mlenda. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa kulima karanga. Walileta matrekta, wakajenga reli ya kuingia mpaka Kongwa, wakatangaza kulima mamilioni ya ekari. Udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua ikakataa, na mwaka 1951 mradi ukatupwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Mzee yeyote wa Kigogo angewaambia bure kabisa kwamba pale karanga hazitaki, lakini hakuulizwa.

Kwenye mabaki ya mradi huo, mwaka 1964, serikali yetu iliwapa nafasi wapigania uhuru. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa imeshaweka makao yake Dar es Salaam, na Kongwa ikawa kambi. Walikuja FRELIMO wa Msumbiji. Walikuja SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini, ZAPU wa Zimbabwe, MPLA wa Angola. Samora Machel, aliyetoka mafunzoni Algeria, aliwekwa kuisimamia kambi ya FRELIMO hapa hapa Kongwa. Tarehe 25 Septemba 1964 vita ya Msumbiji ilianza. Wapiganaji wa SWAPO waliotoka Kongwa walivuka Zambia, na tarehe 26 Agosti 1966 ikapigwa risasi ya kwanza ya vita ya Namibia, pale Omugulugwombashe.

Niliposoma haya kwenye maktaba ya mkoa nilirukaruka kama mwehu. Jasusi, kambi ya siri, mataifa matano, na yote saa moja na nusu kutoka nyumbani! Nikasema, riwaya yangu nimeipata. Nikamweka steringi wangu Kongwa, nikampa bastola na mpenzi, nikaandika mbio.

Tatizo ni kwamba niliendelea kusoma.

Niligundua kwamba kazi kubwa ya Kongwa ilikuwa kungoja. Vijana walikuja wakiwa na moto, wameshafundishwa Urusi, China, Algeria, wakategemea wiki chache tu wavuke mpaka. Wa ANC wengi walikaa miaka. Katikati ya kwao na Kongwa zilikuwapo Rhodesia, Msumbiji ya Wareno, Angola ya Wareno. Wapite wapi? Wakalima bustani, wakacheza mpira na wenyeji, wakajifunza Kiswahili, wakaugua malaria, wakagombana. Wapo waliochoka wakaondoka. Hofu ya majasusi ilikuwapo kweli, ila haikuwa tamu kama ya filamu. Ilimfanya mtu amwogope rafiki yake. Mwaka 1968 kundi dogo la wapiganaji wa SWAPO walioukosoa uongozi wao waliishia kuwekwa kizuizini hapa Tanzania, nchi iliyowapokea kwa mikono miwili. Hapo steringi yupi, adui yupi? Nilikaa na kalamu siku tatu.

Na sheria yangu ikavunjika vibaya. Tobias Hainyeko, kamanda wa kwanza wa jeshi la SWAPO, aliuawa mtoni Zambezi tarehe 18 Mei 1967. Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililotumwa kwa posta likiwa ndani ya kitabu. Ndani ya kitabu, ndugu zangu waandishi! Tangu siku niliposoma hilo, nikipokea kifurushi moyo unanidunda. Wengi waliwashuku polisi wa siri wa Wareno, na minong'ono juu ya mikono ya ndani ya chama haikukosekana, lakini hakuna mahakama iliyomtia mtu hatiani. Samora aliiona Msumbiji ikiwa huru mwaka 1975, akawa rais, na tarehe 19 Oktoba 1986 ndege yake ikaanguka Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini, na mabishano juu ya chanzo chake yameendelea. Kongwa nako kuna makaburi ya wapiganaji ambao hawakuwahi hata kuvuka mpaka.

Steringi hafi? Huku kwetu alikufa, tena mara nyingi, na filamu ikaendelea bila yeye.

Mtu mmoja, nafasi mbili

Filamu ina kosa lingine, nalo ni kuamini kwamba mtu akiwa steringi anabaki steringi. Chukua Oscar Kambona. Januari 1964 askari wa Colito walipoasi, na Rais na makamu wake wamefichwa, ni Kambona aliyekwenda kuzungumza nao uso kwa uso. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Ukombozi mwanzoni. Mwaka 1967 akakimbilia Uingereza. Mwaka 1970 ikafunguliwa kesi ya uhaini, yeye akitajwa kuwa kinara wa njama akiwa nje. Kizimbani alisimama Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyewaita wanawake wa Tanganyika waingie TANU kwa maelfu. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa PAC ya Afrika Kusini, mpigania uhuru aliyeeleza kwamba alijifanya yumo kwenye njama huku anaitoa taarifa. Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha, akasamehewa mwaka 1972. Kambona alirudi mwaka 1992, akafariki mwaka 1997.

Ukinipa kesi hiyo niiandike kama filamu, lazima nimpe mmoja suti isiyokunjika na sigara. Nimpe nani?

Nami nina wasiwasi kwamba tabia ya kutafuta mwenye sigara imeshatuingia hata nje ya kibanda. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine alitoka Dodoma bungeni kwenda Dar es Salaam, kwa barabara ile ile inayopita Mbande. Alikufa kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, Morogoro. Gari lililogongana na lake liliendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini. Mwaka uliotangulia Sokoine alikuwa ameongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu walimpenda na wengine walimwogopa. Ilitangazwa kuwa ni ajali. Lakini nenda kijiwe chochote cha kahawa Dodoma, utasimuliwa filamu nzima, na kila msimulizi ana adui wake. Siwacheki. Mtu unayempenda akifa kwa gari lililohama njia, akili inakataa. Inataka chumba cha nyuma. Inataka mlango, meza, na mtu anayetabasamu. Ni afadhali dunia yenye mwovu mwenye akili kuliko dunia ambamo gari linahama njia tu na nchi inakosa kiongozi.

Hiyo ndiyo nguvu ya filamu hizi, na hapo ndipo ninapoziogopa. Zinatupa faraja kwanza, ushahidi baadaye au kamwe.

Swali la bibi

Mwaka jana nilikwenda Kongwa. Nilitaka kuyaona majengo ya kambi, nipate rangi ya kuta kwa ajili ya riwaya. Nilifikia kwa ndugu, na jioni akanipeleka kwa bibi mmoja wa jirani aliyekuwa msichana enzi hizo. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, akanipa kigoda na kikombe cha maziwa. Nikamweleza kwamba ninaandika kitabu cha wapigania uhuru, mtu wa mapambano, kama zile filamu. Akauliza ni filamu zipi. Nikamsimulia sheria ya steringi, akacheka sana, akairudia: "Kumbe hafi?"

Kisha akanyamaza. Akaniambia wapiganaji walikuwa vijana wazuri, wenye heshima, wakinunua maziwa na kuku kwa wenyeji. Wapo walioishi na wasichana wa hapa. Siku moja usiku magari yalikuja, asubuhi kambi ile ikawa na watu pungufu, na kuuliza haikuruhusiwa. Watoto wapo Kongwa waliobaki na mama zao na jina lisilo na mtu. Wengine wamezeeka sasa. Yeye mwenyewe alikuwa na mwenziwe wa utotoni aliyeachwa hivyo.

"Aliambiwa, nitarudi," bibi akasema. "Akangoja. Nchi ya yule baba ikapata uhuru, tukasikia redioni. Akangoja tena. Sasa mjukuu wangu, huyo baba kama alikufa vitani, si ndiye huyo wako, huyo asiyekufa? Na kama hakufa, akakaa kwao na cheo chake asitume hata barua, mnamwitaje kwenye filamu zenu?"

Sikuwa na jibu. Nilitazama maziwa.

Usiku ule nilizisoma kurasa zangu mia na arobaini kwa tochi ya simu. Steringi wangu alikuwa ameua maadui kumi na tisa na alikuwa hajaaga mtu hata mmoja. Mpenzi wake nilikuwa nimempa mistari minne na gauni jekundu. Mwenyeji wa Kongwa hakuwamo kabisa, isipokuwa mzee mmoja anayeonyesha njia kwa kidole. Nilikuwa nimewafanyia Wagogo wangu kile kile ambacho The Wild Geese iliwafanyia wale askari wanaoanguka kama mahindi.

Wengine wamefanya kazi kubwa ya kuhifadhi. Brigedia Jenerali Hashim Mbita, aliyekuwa katibu mtendaji wa Kamati ya Ukombozi kuanzia mwaka 1972 mpaka ilipofungwa mwaka 1994, aliongoza mradi wa kukusanya historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika, na mwaka 2014 vikatoka vitabu tisa. Mwaka uliofuata akafariki. Vitabu tisa si haba. Lakini havipiti mlango wa kibanda umiza, vijana wenzangu, na sisi ndio tunaoujua mlango huo.

Kwa hiyo siwaambii muache kutazama. Mimi mwenyewe Jumamosi hunikosi kwenye benchi la pili, na mlio wa kwanza bado unanisisimua. Nasema tu kwamba tukirudi kwenye daftari tujiulize kwanza begi nani alilikagua, maziwa nani aliyaleta, na nani aliyebaki amesimama mlangoni magari yalipoondoka.

Nimeanza upya. Ukurasa wa kwanza sasa hauna bastola. Kuna msichana anabeba kibuyu cha maziwa kwenda kambini asubuhi, na kule kambini anasikia wanaume wanaimba kwa lugha asiyoijua. Steringi bado sijaamua ni nani. Bibi amesema nikimaliza nikamsomee, na ameniomba kitu kimoja: yule baba, nisimuue mapema. Nimwache mpaka tujue kama aliandika barua.